Chungu Kimoja cha Shangazi Nanzia

Sikilizeni hii, kisha mtuhukumu. Tulikuwa ndugu watatu. Senkondo alijaliwa pua: akinusa upepo anajua mvua imefika wapi. Mrindoko alijaliwa miguu. Mlimani hakuna mbuzi aliyewahi kumshinda. Mimi nilijaliwa ulimi.

Mwaka huo vuli ilichelewa wiki sita. Kwetu jua likizidi, hutafutwa anayefaidika nalo. Shangazi yetu Nanzia ni mfinyanzi, hukausha vyungu juani. Basi wanakijiji wakasema ndiye aliyefunga mvua. Wakaja na mipini ya majembe kumfukuza kijijini.

Senkondo alikuwa mlimani tangu alfajiri, na Mrindoko pembeni yake. Akanusa, akanusa tena. "Iko nyuma ya kilele. Kabla ya saa kumi itakuwa hapa."

Mrindoko akaibeba habari hiyo kwenye majabali, pekupeku, akafika visigino vinavuja damu.

Nami nilikuwa nimeziba mlango wa shangazi.

"Tupishe, atoke huyo mfunga mvua," akasema Mzee Kiondo.

"Babu, maharage ya jana ulipikia nini, kama si chungu chake? Kofia?"

Wakacheka. Anayecheka hapigi. Nikawashikilia hivyo mpaka Mrindoko alipofika na kuninong'oneza. Nikapaza sauti: "Mpeni hadi saa kumi. Isiponyesha, fanyeni mtakavyo."

Ilinyesha saa tisa na nusu. Watu wakakimbia makwao wakishangilia, wakapita katikati ya vyungu vibichi arobaini vilivyoanikwa uani. Hakuna aliyekumbuka kuviingiza, hata sisi. Vikarudi kuwa udongo mbele ya macho ya shangazi. Kilipona kimoja tu, kilichokwisha kuchomwa.

Shangazi akakiweka kizingitini. "Aliyeniokoa achukue."

"Bila pua yangu, hiyo saa kumi ingetoka wapi?" akasema Senkondo.

"Ingebaki huko huko mlimani," akasema Mrindoko.

"Na mngekuta mlango umeshavunjwa," nikasema.

Shangazi alituacha tumalize. Kisha akanigeukia. "Na isingenyesha, mwanangu?"

Siku nzima nilikuwa na jibu la kila mtu. Nilijua hana kosa, lakini hilo sikuwaambia. Nilimweka rehani kwa wingu. Kaka zangu nao walitafuta mvua, si haki yake.

Chungu bado kipo kizingitini. Tukipita pale tunainamisha vichwa, na hakuna anayenyoosha mkono. Haya, nyinyi mliosikia: pua, miguu au ulimi, mngempa nani? Au mngesema kuna yeyote kati yetu aliyemwokoa?