Nguchiro na Mdudu wa Gego la Kiboko

Mniwie radhi, watoto, hadithi hii nitaiharibu. Maneno yananiponyoka, na mengine yanatoka yakipiga mluzi. Asiyesikia vizuri aulaumu upepo.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, mashemeji na magonjwa kama sisi, Nguchiro alikuwa mganga wa meno. Dawa yake ilikuwa moja tu: mbegu za ndulele. Anazimwaga kwenye kigae cha moto, moshi unafuka, mgonjwa anaachama juu ya beseni la maji, mbegu zinapasuka, pa! pa!, na kudondoka majini zikiwa nyeupe, zimejikunja.

"Mdudu wako huyo," anasema. Mgonjwa anakwenda zake amefurahi, na jino linaendelea kuuma.

Kazi ilikuwa imemchosha Nguchiro. Uongo uleule kila siku, mbele ya midomo ileile inayonuka.

Siku moja akaja Kiboko, kwa mara ya nne. Shavu limevimba kama boga, macho mekundu, hajalala siku tano. Hakusalimia. Alimwambia Nguchiro aingie mwenyewe mdomoni amtafute huyo mdudu, na asitoke mpaka apatikane.

"Nikichoka kusubiri, mganga, nafunga mdomo." Kisha akaachama.

Nguchiro akaingia akijikokota. Hata kuogopa kulikuwa kazi. Akapita meno ya mbele ya kukatia, akapita chonge ndefu kuliko mkia wake, akafika kwenye magego ya kusagia. Hapo akaliona. Ganda gumu la juu la jino lilikuwa limetoboka. Chini yake pameoza, peusi tii, na shimo limeshuka mpaka ndani kabisa, kwenye chumba cha damu na mishipa ya fahamu. Ufizi umetunga usaha. Pembeni zimekwama nyuzi za muwa wa juzi.

"Mzee," aliuliza kama mtu anayesinzia, "ukishakula miwa unapiga mswaki?"

"Mswaki wa nini? Mimi ni Kiboko," alijibu huyo, na ulimi wake ukambamiza mganga kwenye shavu.

Mdudu hakuwapo. Jino lilitaka kung'olewa. Lakini nani amwambie Kiboko habari ya kung'olewa? Wa mwisho kuthubutu alikuwa Kima, na mjane wake bado yuko edani.

Basi Nguchiro akaagiza kamba ya mkonge, akafunga ncha moja kwenye gego, chini kabisa, karibu na ufizi. Akaeleza kwamba huo ni mtego wa mlangoni kwa mdudu, na kwamba ncha ya pili hufungwa kwenye kisiki, huko nje. Kiboko alichoka hata kubishana. Akamruhusu kutoka, ila mganga alipomaliza kuifunga kamba kisikini, Kiboko akamkanyaga mkia asikimbie.

Nguchiro akachota konzi ya mbegu, akazirusha mtoni.

"Wametoka, Mzee! Wale pale, wanatoroka na maji!"

Kiboko akasahau mkia, akasahau kamba, akachomoka. Gego likang'oka, ng'o! Halafu pwaa!

Aliibuka akitema damu. Akapapasa pengo kwa ulimi. Akarudi ukingoni, akalitazama gego linaloning'inia na mizizi yake, akajilaza.

"Mdudu yuko wapi?" aliuliza.

Nguchiro hakuwa na nguvu za kutunga uongo mwingine. "Hakuwahi kuwapo, Mzee. Ni utamu wa miwa unaolala nao mdomoni. Zile ni mbegu tu."

Akafumba macho, akasubiri kumezwa. Akasikia mkoromo. Ukweli wake wa kwanza maishani, na hakuna aliyeusikia! Kiboko alipoamka aliutangazia mto mzima jinsi wadudu wake walivyokimbia, na foleni ya wagonjwa ikafika mpaka ng'ambo.

Funzo: pigeni mswaki kabla ya kulala, na jino likitoboka wahini kwa anayejua kulitibu.

Na msiulaumu upepo, ni mapengo yangu haya. Wadudu wangu mganga alinifungia kwenye kopo, na mpaka mwaka jana nilikuwa nikiwaonyesha wageni.