Filimbi ya Jukwaani

Filimbi ya jukwaani humsimamisha wa nyumbani. Shangazi yenu amewatupia maneno hayo kule jikoni alipowaona mnapakia mavuvuzela na honi za gesi kwenye mfuko, ati mnakwenda kumshangilia dada yenu kwenye mechi ya kikapu ya chuo chao. Sasa mmekuja kwangu kuuliza ilitoka wapi. Haya, kaeni. Lugano, weka hiyo honi chini kwanza, mimi siwezi kuzungumza na mtu aliyeshika honi. Mwanzo wake naujua vizuri, kwa sababu maneno hayo yalitoka kinywani mwangu, asubuhi ambayo nilikuwa nimekasirika mpaka mate yamenikauka.

Wakati huo nilikuwa mkufunzi wa michezo katika chuo cha ualimu, huko huko nyanda za juu kwenye baridi na ukungu. Mchana nilifundisha darasani, jioni nilikuwa kocha wa wasichana wa mpira wa kikapu. Nahodha wangu aliitwa Subilaga. Msichana mrefu, mpole, haongei mpaka aulizwe, lakini ukimpa mpira unasahau upole wake wote. Alikuwa mwaka wa mwisho. Kila mwaka timu moja tu ya kanda yetu ilikwenda kwenye michezo ya taifa ya vyuo, na mara mbili tulikuwa tumeikosa nafasi hiyo. Mwaka ule ukipita, Subilaga angepangiwa shule huko vijijini, ambako hata ubao wa kikapu hakuna. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho, na kila mtu chuoni alilijua hilo.

Fainali za kanda zikaletwa uwanjani kwetu. Mimi nikafurahi kama mjinga. Nikasema, sasa tuna watu wetu nyuma yetu.

Watu wetu! Siku ya Jumatano barua ya waamuzi ilikuja, nikaisoma mwenyewe mbele ya chuo kizima. Ngoma ruksa, kuimba ruksa, kupiga makofi ruksa. Vuvuzela, tarumbeta, honi na kila kitu cha kupuliza, marufuku. Nikauliza, mmeelewa? Wakaitika wote kwa pamoja, "Tumeelewa, mwalimu." Na mimi nikaamini. Miaka kumi na mitano nafundisha watu, bado nilikuwa sijajua kwamba "tumeelewa, mwalimu" maana yake ni "maliza tukale".

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo pa kuchosha. Kwenye chuo cha ualimu kila mwanachuo alikuwa na filimbi yake. Filimbi ya chuma, ya kwenda nayo mazoezi ya kufundisha, kwa sababu huwezi kupanga watoto mia mbili mstarini kwa kuita majina. Wanaitundika shingoni kwa kamba, wanalala nayo karibu. Basi Ijumaa, siku ya nusu fainali, wakaja bila vuvuzela hata moja. Wamekuja na filimbi. Wanachuo mia tatu, filimbi mia tatu, za aina ile ile aliyokuwa nayo mwamuzi.

Nikamwendea kiongozi wao wa michezo, kijana mmoja akiitwa Andwele, aliyejua kubishana kuliko kusoma. Nikamwambia, barua imesema vitu vya kupuliza marufuku. Akanijibu kwa heshima zote, mikono nyuma, "Mwalimu, filimbi si chombo cha kelele. Filimbi ni zana ya kufundishia. Wewe mwenyewe ulitufundisha."

Jamani. Unamjibu nini mtu wa namna hiyo? Nikamwambia aziweke mfukoni. Akasema sawa. Nikageuka, nikazisikia.

Mechi ikaanza. Dakika za mwisho tuko sawasawa kwa pointi. Mchezaji wao mmoja akawa ameshapita ngome yetu, amebaki yeye na kikapu, na huko jukwaani filimbi ikalia. Yule binti akasimama. Akashika mpira kiunoni, akamtazama mwamuzi aseme kosa ni nini. Mwamuzi hakuwa amepuliza kitu. Subilaga akaunyakua mpira, akaenda kufunga upande wa pili, tukashinda kwa kikapu hicho. Jukwaa likaimba mpaka mbao za viti zikalegea misumari.

Mwamuzi alikuja kunionya. Mama wa makamo, mfupi, hakuwa na mzaha. Akasema, "Kocha, tuliza watu wako." Nikaitikia, ndiyo mama, nitawatuliza. Na sasa niwaambie ukweli wangu, maana mimi si mtu wa kuficha. Sikuwatuliza. Moyoni nilikuwa nacheka. Tumeshinda, nani anataka kuharibu furaha ya watu? Nikaenda kunywa chai yangu.

Fainali ilikuwa Jumamosi mchana, na wasichana wa chuo kimoja cha ufundi. Hao walikuwa wameiona nusu fainali. Kocha wao aliwakalisha asubuhi nzima akawafundisha jambo moja: masikio yenu yaacheni nyumbani, tazameni mkono wa mwamuzi. Mwamuzi akisimamisha mchezo, lazima ainue mkono. Mkono haujainuka, cheza. Filimbi zikalia mchana kutwa, na wale mabinti hawakusimama hata mara moja. Walicheza kana kwamba jukwaa halina mtu.

Wangu mimi niliwafundisha nini? Nilikuwa kocha wa nidhamu. Miaka mitatu nimewaambia kila jioni, ukisikia filimbi, simama papo hapo, usiongeze hata hatua moja, usibishane. Nilikuwa namkimbiza uwanja mara tano yeyote aliyeongeza hatua baada ya filimbi. Subilaga nilimkimbiza mara nyingi kuliko wote, kwa sababu ndiye niliyemtegemea.

Zikabaki sekunde kumi na mbili. Wao arobaini na moja, sisi arobaini. Mpira wao. Binti mmoja akatoa pasi ya uvivu, Subilaga akaingia katikati akauchukua. Mbele yake hakuna mtu. Uwanja mzima mweupe, kikapu kile pale. Akakimbia, anaudunda, na watu wetu wote wakasimama juu ya viti. Mimi nilikuwa nimeshanyoosha mikono juu.

Filimbi ikalia. Moja tu, ndefu.

Subilaga akasimama hatua tatu kutoka kwenye kikapu, mpira mikononi, miguu pamoja, kama nilivyomfundisha. Akageuka kumtazama mwamuzi. Mwamuzi mikono yake iko chini. Binti wa chuo cha ufundi akaja nyuma yake, akautoa ule mpira mikononi mwake kama mtu anayempokea mgeni mzigo, akaondoka nao. Muda ukaisha.

Nilimfuata mwamuzi mezani. Nikamwambia, "Mama, umeona. Ile filimbi haikuwa yako. Mchezo urudiwe."

"Nimeona," akasema.

"Basi rudia. Mtoto kasimamishwa na filimbi ya jukwaani."

"Ya jukwaa la nani, kocha?"

Nikageuka kuwatazama watu wetu.

"Ni jukwaa lako, na aliyesimama ni mchezaji wako," akasema. "Sasa unataka nimwadhibu nani? Jana ilipomsimamisha mtoto wa wenzio hukuja hapa mezani. Ulikwenda kunywa chai."

Akaandika matokeo, akafunga daftari lake. Nikarudi kwa wasichana wangu.

Aliyepuliza tulimjua jioni ile ile, maana alijileta mwenyewe akilia. Si Andwele, wala si mmoja wa wale wabishi. Alikuwa Atupele, aliyelala chumba kimoja na Subilaga, aliyemfulia jezi usiku wa kuamkia mechi, aliyefunga siku tatu akimwombea. Hakutaka kumhadaa mtu. Alimwona rafiki yake anakwenda kufunga, furaha ikamjaa, filimbi ilikuwa mdomoni, akapuliza. Hicho ndicho kilichonitia hasira kuliko vyote. Mtu mbaya ningemfukuza chuo nikalala. Huyu ungemfanya nini?

Asubuhi ya Jumatatu chuo kizima kikawa mstarini, na nasikia nini? Mwamuzi kahongwa. Mwamuzi ana shemeji yake chuo cha ufundi. Andwele anakusanya sahihi za kupeleka malalamiko wilayani, na filimbi yake ipo shingoni. Wengine wanasema kosa ni la Subilaga, angefunga tu. Na Subilaga yupo pale pale mstari wa tatu, anasikia yote. Mkuu wa chuo akaniita nije niseme neno la kuwafariji.

Faraja nilikuwa sina. Nilipanda pale mbele nikawatazama, filimbi mia tatu zinaning'inia vifuani, nikasema, "Mwamuzi hakupuliza. Chuo cha ufundi hakikupuliza. Filimbi ya jukwaani humsimamisha wa nyumbani. Tawanyikeni." Nikashuka. Hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kutoa, na ndiyo pekee waliyoikumbuka.

Maana wale walikuwa walimu. Miezi michache baadaye wakapangiwa shule, mmoja huku, mmoja kule, na kila mmoja alikwenda na maneno yale. Mzazi akimfanyia mtoto kazi za nyumbani hadi mtoto akashindwa mtihani, mwalimu anasema, filimbi ya jukwaani. Ndugu wakimsemea bwana harusi posa mpaka posa ikavunjika, mtu anasema, humsimamisha wa nyumbani. Siku moja nikaisikia sokoni kwa mama muuza viazi ambaye hajawahi kuona mpira wa kikapu. Akaniambia ni methali ya wahenga. Sikumbishia, nilikuwa nimeshachoka kubishana na watu.

Lugano, usiniangalie hivyo. Hakuna aliyesema mkae kimya kwenye mechi. Mna midomo, imbeni. Mna mikono, pigeni makofi. Jina la dada yenu mnalijua, litajeni mpaka sauti zikauke. Mtu anayecheza huijua sauti ya kwao.

Mnauliza kama Subilaga alikasirika. Atupele alisamehewa naye usiku ule ule, mlango ukiwa wazi, kila mtu aliona. Mimi nilingoja hadi siku ya kuondoka. Nilimkuta kwenye kituo cha basi amekalia sanduku lake, barua ya kupangiwa shule mkononi. Nikamwambia, "Mwanangu, nisamehe. Ijumaa ile ningezikusanya zile filimbi. Usingedhani ni ya mwamuzi, ungefunga."

Akainuka, kwa sababu alikuwa na adabu, hakuweza kuzungumza na mkubwa huku yeye amekaa. Akaniambia, "Mwalimu, nilijua siyo ya mwamuzi. Ilitoka nyuma yangu, juu, upande wa kwetu. Nilijua kabisa. Ila miguu yangu ilikuwa imeshasimama."

Basi likaja, akapanda. Kwenye michezo ya taifa hakuwahi kufika.

Filimbi ya jukwaani humsimamisha wa nyumbani.