Kiti Nyuma ya Ngoma

Mwacha mila ni mtumwa. Maana yake ni kwamba mtu anayeutupa mwenendo aliolelewa nao ili avae wa wengine huishia kutumikia asichokijua, wala hapati heshima huko alikokimbilia. Lakini vijana wakiambiwa hivyo hudhani wazee wanawaonea wivu kwa viatu vyao vizuri. Eligio Norales naye alidhani hivyo, mpaka miguu yake ilipomfundisha vingine.

Eligio alizaliwa Santa Fe, kijiji cha Wagarifuna katika pwani ya Honduras, mahali ambapo mihogo hukunwa kwa wimbo na mtoto hujua kupiga ngoma kabla ya kujua kufunga vifungo vya shati. Alilelewa na bibi yake, Tomasa, mwanamke ambaye hata kumwamsha mtu alimwamsha kwa kitendawili, na babu yake, Sixto, mpiga ngoma. Kuanzia Krismasi hadi siku ya Wafalme Watatu, wanaume wa kijiji walivaa vinyago, wakajifunga simbi za baharini magotini, wakacheza nyumba hadi nyumba. Katika ngoma hiyo mcheza hamfuati mpigaji. Mpigaji ndiye amfuataye mcheza. Akiruka, ngoma iruke naye. Akisita, ngoma imeze mate. Babu Sixto alikuwa akimpakata mjukuu wake na kumwambia asiitazame ngoma wala mikono yake, atazame magoti ya mcheza, kwa kuwa goti husema kabla ya mguu kukanyaga.

Hapo ndipo Eligio alipoutoa uchezaji wake wa mpira wa miguu. Akawa kiungo asiye na mbio, lakini pasi yake ilimkuta mwenzake anafika tu, kama chakula kinavyomkuta mtu aliyekwisha kunawa. Watu wa Santa Fe walisema mtoto yule anacheza huku ameota tayari.

Babu alifariki Eligio akiwa na miaka kumi na tisa. Miaka miwili baadaye akaja wakala mmoja wa wachezaji, Zavala, akamchukua hadi Meksiko, kwenye klabu ya Wafinyanzi, katika mji uliopanda mlimani mpaka mawingu yalipita uwanjani kama kondoo waliopotea njia. Mkataba ulikuwa wa miezi sita. Desemba, kocha wa timu, Mwalimu Heredia, angeamua kama ataongezwa au atafungishwa virago, na kiungo aliyeachwa na klabu ndogo kama ile haitwi na nyingine.

Zavala alimpa ushauri mmoja tu. Alisema mtoa pasi haonekani hata akiwa amesimama juu ya meza; anayenunuliwa ni mfungaji. Apige chenga, akimbie, apige mashuti, na huo upole wa kijijini auache huko huko kijijini. Eligio akausadiki. Hata mkate wa muhogo aliofungiwa na bibi yake, mkavu na mpana kama sinia, aliuficha chini ya kabati wenzake wasiuone.

Basi akawa anakimbia. Hewa ya mlimani ni nyembamba kama uzi, na baada ya chenga mbili alitweta kama mbwa aliyefukuza gari. Mpira aliupoteza, nafasi akaiacha wazi. Mshambuliaji wa timu, Barragán, mtu wa maneno makali na moyo laini, alimwita Catracho, jina la mzaha wapewalo watu wa Honduras. Siku moja mazoezini alimwambia mbele ya wote, "Catracho, huo mpira una mke na watoto. Uachie nao ufike nyumbani." Timu nzima ikaangua kicheko. Kufika Oktoba, Eligio alikuwa wa benchi, mlinzi wa chupa za maji.

Ndipo ndoto ikaanza. Ilimjia mchana, katika usingizi wa baada ya mazoezi, mwanga mweupe ukipenya pazia. Alijiona Santa Fe, uani kwao, amevaa kinyago na simbi magotini, anacheza. Lakini hakukuwa na mlio wowote. Aliruka, simbi hazikulia. Alikanyaga, vumbi halikutimka. Pembeni ilikuwapo ngoma peke yake, na nyuma yake kiti kitupu. Babu Sixto alisimama kando katika shati lake la sikukuu, akikitazama kile kiti, kisha akimtazama yeye.

Miongoni mwa Wagarifuna, mzee aliyekufa hatokei bure ndotoni. Huja akiwa na haja yake: ana njaa, au ana vumbi la safari na anataka kuogeshwa. Eligio akaona kosa ni lake. Alitafuta samaki, nazi na ndizi mbichi soko zima, akazitwanga ndizi ndani ya sufuria kwa kitako cha chupa, akapika mchuzi na kuiweka sahani dirishani. Ndoto ikarudi. Akachimba kishimo katika bustani ya jengo, akamwagia maji safi huku akimtaja babu yake kwa jina, akimkaribisha aoge. Mlinzi wa jengo akamuuliza kama amepanda mbegu. Kesho yake ndoto ikarudi tena, na kiti kilikuwa kitupu vile vile.

Ilipobaki wiki moja kabla ya mechi ya mwisho, alimpigia simu bibi yake, akamweleza yote, chakula na maji. Bibi Tomasa alisikiliza bila kumkatiza, kisha akacheka kicheko chake cha chini chini.

"Sixto na haya ya kuomba chakula? Mjukuu wangu, yule alikuwa akigonga sufuria kwa kijiko. Hana njaa huyo. Haya, kitendawili."

"Tega, Bibi."

"Nyumbani mwangu yumo mmoja, wote humtazama mwenzake, lakini akiondoka, wote hukaa."

Eligio alifikiri, akashindwa. Bibi akataka apewe mji, Eligio akampa Santa Fe yote pamoja na kuku wake.

"Mpiga ngoma," akasema Bibi Tomasa. "Sasa niambie, katika ndoto ulikuwa unacheza. Kile kiti ni cha nani?"

 Bibi papo hapo akamuuliza kama ameshaula ule mkate au anautunzia panya. Simu ilipokatika, Eligio aliutoa chini ya kabati, akaumega, akala akiwa ameketi sakafuni. Ulikuwa mkavu kama siku ile ulipookwa, na haukuwa umeharibika hata kidogo.

Siku ya mechi ya mwisho ukungu ulishuka mpaka magoli hayakuonana. Wafinyanzi walikuwa nyuma bao moja, zimebaki dakika ishirini na tano, kiungo wao alipoteguka kifundo. Mwalimu Heredia alilitazama benchi, akaguna, akamwashiria Eligio. Kutoka jukwaani Zavala alimpigia ishara ya kukimbia.

Eligio hakukimbia. Alitembea hadi katikati ya uwanja kama mtu anayekwenda kuketi. Akayaacha macho yashuke hadi kwenye magoti ya wenzake, na katika ukungu ule mweupe ikawa kama yumo ndotoni tena, ila safari hii kulikuwa na mlio. Goti la beki wa kushoto likainama. Mpira ukamwendea kabla hajauita. Goti la winga likasita. Mpira nao ukasita. Timu iliyokuwa ikitawanyika kama kuku wa ugenini ikaanza kwenda pamoja. Winga akasawazisha. Dakika za mwisho, goti la Barragán liligeuka kidogo tu kuelekea mahali ambapo hapakuwa na mtu. Eligio akaupeleka mpira huko huko patupu. Ulipofika, Barragán alikuwa amefika. Bao la pili.

Barragán alikuja akimtazama kama mtu aliyeibiwa siri. "Umejuaje nakwenda kule? Hata mimi nilikuwa sijajua."

"Goti lako lilinong'ona."

"Basi liambie lisiseme na wageni," alisema Barragán, akamkumbatia.

Zavala alilalamika kwamba hakufunga bao hata moja. Mwalimu Heredia alimpita wakala bila kumsalimu, akaja chumba cha kubadilishia nguo na kumwambia Eligio mkataba wake umeongezwa miaka miwili, mazoezi yanaanza tarehe tano Januari.

Eligio aliinuka. "Mwalimu, naomba iwe tarehe saba. Sita ni siku ya Wafalme. Nyumbani kuna kiti."

Heredia hakuelewa ni kiti gani. "Saba, asubuhi," akasema. "Ukichelewa, ukae huko huko na hicho kiti."

Krismasi ile, katika ua wa Bibi Tomasa, wacheza waliingia na vinyago vyao, wakasimama kungoja. Eligio aliketi nyuma ya ngoma ya babu yake, akayainamishia macho magoti ya wa kwanza. Goti likasema, mkono ukajibu, na simbi zote zikalia. Tangu siku hiyo babu hakurudi ndotoni. Kweli, mwacha mila ni mtumwa, na aliyeirudia hukuta kiti chake kingali kinamngoja.