Sabuni ya Mawese Yaliyochacha

Mhunzi hukishika chuma cha moto kwa koleo. Siku koleo linapokatika mikononi mwake, mpumbavu huzima makaa na kwenda kulala. Mwerevu hutazama huku na huku, akatafuta kitu kingine cha kushikia, chuma kikiwa bado chekundu. Ndipo wahenga waliponena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Speciosa wa Kizuka, kusini mwa Burundi, aliisikia methali hiyo tangu utoto wake huko Mishamo, Tanzania, walikokimbilia wazazi wake. Hata hivyo, aliielewa akiwa na miaka arobaini na mmoja, ndani ya kuta za gereza.

Speciosa alikuwa mkamuaji wa mawese. Familia yake iliporudi Burundi kutoka ukimbizini, ilikuta shamba lake la michikichi limetunzwa na kuvunwa miaka mingi na jirani aitwaye Pontiani. Wakubwa wakaamua ligawanywe nusu kwa nusu, na mpaka ukapitishwa katikati ya safu ya michikichi kumi na miwili. Tangu siku hiyo majirani hao wakawa paka na panya. Huyu akisema mti ni wake, yule anauliza kivuli chake kinaangukia wapi.

Alasiri moja ya kiangazi Speciosa alikuta michikichi yote kumi na miwili imekwisha kuvunwa, haukubaki hata mkungu mmoja. Damu ikamchemka. Hakuuliza, hakuita shahidi. Alichota makaa jikoni kwake, akavuka mpaka na kukitia moto kibanda cha kukamulia cha Pontiani. Makuti makavu yaliwaka kama karatasi. Pontiani alifanikiwa kuokoa kinu chake, lakini mkono wake wa kulia uliungua vibaya, na vidole viwili vikakunjamana visikunjuke tena. Hasira ni hasara; mahakama ilimhukumu Speciosa miaka mitano.

Mwaka wa kwanza gerezani aliishi kama mtu aliyekwisha kuzikwa. Binti yake Anita alilelewa na dada yake kule Kizuka, na kila dada huyo alipokuja kumwona, Speciosa aliuliza habari za mtoto, basi. Wa pili ulikuwa vivyo hivyo. Mwaka wa tatu ulipoanza, shirika moja lilileta mafunzo katika ua wa wanawake. Ilitangazwa kwamba wafungwa watafundishwa kutengeneza sabuni, kuendesha biashara, na kuishi na watu bila ugomvi. Speciosa alijiandikisha kwa sababu moja tu: darasa lilifanyika nje, penye hewa.

Mwalimu aliitwa Elda, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya taratibu, aliyewahi kuwa na karakana yake ya sabuni mjini Bujumbura. Siku ya kwanza alimimina mawese katika ndoo, akaongeza kostiki, ile dawa kali iliyokwisha kuyeyushwa katika maji, akakoroga kwa mwiko mrefu. Mafuta mekundu yakabadilika rangi mbele ya macho yao. Yakawa mazito kama uji, kisha kama ugali mwepesi. Speciosa alisogea hadi mwalimu akamwambia arudi nyuma asije akarukiwa. Miaka ishirini, tangu ukimbizini, alikuwa ameyakamua mawese, ameyabeba kichwani, ameyauza sokoni, wala hakujua kwamba ndani yake mlilala kitu kingine kabisa. Moyo wake ulidunda kama wa msichana anayeitwa jina lake mbele ya shule nzima.

"Mwalimu," alisema, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza darasani, "naomba nikoroge mimi."

Toka siku hiyo akawa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Alijifunza kupima kostiki, kuvaa glavu, kuchagua soko, kuuliza mnunuzi anataka nini kabla ya kumtajia bei. Somo lililomtoa jasho lilikuwa la magomvi. Elda alikuwa na zoezi lake: kila mwanafunzi amtaje mtu aliyegombana naye, kisha aeleze mtu huyo alikuwa akitaka nini. Ilipofika zamu yake, Speciosa alimtaja Pontiani. Alijua alichokitaka yeye. Alichokitaka Pontiani hakukijua, na alishtuka kuona kwamba hajawahi kukiuliza.

Mwishoni mwa mafunzo, jopo la shirika lingekuja kuchagua mradi mmoja. Mshindi angepewa pipa la kuchemshia, vibao vya kumiminia sabuni, na barua ya kumuunga mkono katika ombi la kuachiliwa kwa masharti. Speciosa alikuwa amemaliza zaidi ya nusu ya kifungo chake. Akaungana na Nadia, mtoto wa mjini Rumonge aliyekuwa mshonaji kabla ya kufungwa kwa kununua vitambaa vya wizi. Nadia alijua kuuza. Angeweza kumuuzia samaki maji.

Zikiwa zimebaki wiki mbili, mafuta ya mwisho yaliletwa, bido nne, yaani madumu, zilizojaa. Speciosa na Nadia walipoanza kukoroga, sabuni iliganda ghafla kabla hawajaimimina. Mwiko ulisimama wima katikati ya ndoo.

"Dada Spe, hii imeshakufa," alisema Nadia. "Iko ngumu kama jiwe. Tumekwisha."

Elda alikuja, akainusa bido, akakunja uso. "Wametuletea mafuta mabovu. Nitaomba mengine, lakini sidhani kama yatafika kabla ya jopo. Mniwie radhi."

Wanawake wengine wakaanza kuvua glavu zao. Speciosa hakuvua. Alichovya kidole, akakinusa, akakisugua kwa kidole gumba, akakinusa tena. Hapo ndipo kitu kilipomjia kichwani, akasimama wima.

"Mwalimu, mafuta haya si mabovu. Yamechacha," alisema. "Ni ya msimu wa mvua uliopita, yamekaa juani. Nimeyaona haya maisha yangu yote. Yana ukali wake mwenyewe, ndiyo maana yanaivamia kostiki kabla hatujakoroga."

"Sasa utayafanyaje?"

"Kwetu tukitaka kuyaokoa tunayachemsha na maji ya chumvi, uchafu unatuama chini, tunaengua ya juu. Halafu tuyaache yapoe zaidi kuliko tulivyozoea. Tuanze na kikombe kimoja, tusipoteze ndoo nzima."

Wakawasha moto. Kikombe cha kwanza kiliganda tena. Cha pili kilijitenga, mafuta juu na maji chini. Nadia alishika kiuno akasema afadhali arudi kushona. Speciosa alicheka, kicheko ambacho wenzake hawakuwahi kukisikia, akapunguza joto na kumimina kostiki kidogo kidogo kama anayemnywesha mtoto mchanga. Kikombe cha tatu kilitulia. Kikawa kizito polepole, laini, kikakubali kumiminwa. Kesho yake walikitoa katika kibao kipande cha rangi ya asali, wakakinawia mmoja baada ya mwingine, na povu likawafika kwenye viwiko.

Speciosa hakulala vizuri siku hizo kwa furaha. Wazo lilikuwa likimzunguka kichwani kama nyuki. Mafuta yaliyochacha hayana mnunuzi. Kila mkamuaji wa Kizuka ana mapipa yake yamesimama nyuma ya kibanda, na mengine humwagwa. Sabuni yake ingetokana na kitu ambacho wengine hukitupa. Na mkamuaji aliyekuwa na mapipa mengi kuliko wote, karibu na shamba lake, alikuwa Pontiani.

Alimwandikia barua. Aliichana, akaandika nyingine fupi zaidi, akampa dada yake aipeleke. Siku tisa zikapita kimya. Siku ya kumi aliitwa kwenye benchi la wageni, akamkuta Pontiani ameketi, kofia magotini, mkono wa kulia umefichwa chini yake.

"Amahoro, Mama Anita," alimsalimia mzee huyo kwa Kirundi.

"Amahoro, Mzee Pontiani. Murakoze, ahsante kwa kuja." Akaketi kando yake. "Naomba niuone mkono."

Pontiani akauweka juu ya benchi. Speciosa aliutazama bila kugeuza uso, vidole vile viwili vilivyojikunja kama majani makavu.

"Nilikutendea ubaya," alisema. "Sina sababu ya kuutetea. Naomba unisamehe, na usiponisamehe, nitaelewa."

"Michikichi ile niliivuna mimi. Yote. Nusu ilikuwa yako na nilijua," alisema Pontiani. "Lakini hilo halikustahili moto."

"Halikustahili. Nimekaa jirani yako miaka tisa, sijawahi kukuuliza swali hili. Ulikuwa unataka nini?"

Mzee alimkazia macho kama anayetafuta mtego. Kisha mabega yake yakashuka. "Nilitaka wazee wenu waje kwangu waseme, 'Pontiani, ahsante kwa kuitunza michikichi yetu.' Hakuna aliyekuja. Mlikuja na karatasi." Akapumua. "Siku hizi nataka mtu wa kununua mafuta yanayochacha, na nataka kulala bila kunusa moshi."

Speciosa alitoa mfukoni kipande cha sabuni. "Ahsante kwa kuitunza michikichi yetu," alisema. "Na haya ndiyo mafuta yanayochacha."

Pontiani alikipokea kwa mkono wa kushoto, akakigeuzageuza, akakinusa. Aliondoka nacho.

Siku ya jopo ikawadia. Ua ulifagiliwa, meza zikapangwa, wageni kutoka nje wakaketi kwenye mabenchi ya nyuma. Nadia alieleza soko kwa ufasaha hata askari mmoja akaomba kuwekewa vipande viwili. Speciosa alieleza mafuta, akakoroga mbele yao, mikono yake ikiwa imara. Wanajopo walitikisa vichwa kwa kuridhika, hadi mmoja wao, bwana wa miwani aitwaye Léonard, alipofunua karatasi zake.

"Mama, kazi yako ni nzuri," alisema. "Lakini sabuni hii inahitaji moto kila siku, na wewe uko hapa kwa sababu ya moto. Ukitoka, ni nani huko Kizuka atakayekuamini na kiberiti?"

Speciosa aliona aibu ikimpanda, na nyuma yake ile hasira ya zamani ikinyanyua kichwa. Alijiuliza bwana huyu anataka nini. Akaona kwamba anataka kuwa na hakika tu, na hilo si kosa.

"Swali lako ni la haki," alijibu. "Siwezi kulijibu mwenyewe. Hilo ni la majirani kujibu."

Benchi la nyuma likalia. Pontiani alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Kibanda kilichoungua kilikuwa changu," alisema, akainua mkono wa kulia juu ili wote wauone. "Mimi nitamwamini. Jiko lake lijengwe upande wangu wa shamba, nami nitalitazama kila asubuhi. Mafuta nitampa mimi. Nilimpelekea mke wangu sabuni yake, na mke wangu anauliza nyingine iko wapi."

Watu walicheka, na katikati ya kicheko hicho Speciosa akajifunika uso kwa glavu zake, machozi yakimtiririka. Mradi wao ndio uliochaguliwa. Miezi minne baadaye alitoka kwa masharti, na Nadia akamfuata mwishoni mwa mwaka. Jiko likajengwa pale Pontiani alipoahidi. Leo wakamuaji kutoka Kizuka hadi Kigwena humletea mapipa waliyokuwa wakiyamwaga, Nadia huuza sokoni Rumonge mpaka sauti inakauka, na mara moja kwa mwezi Speciosa hurudi katika ua ule wa gereza, safari hii akipita mlangoni kama mwalimu. Wanafunzi wapya wanapomwambia kwamba maisha yao yamekwisha, yeye huwapa mwiko na kuwaonyesha ndoo, kwani amekwisha kuona kwa macho yake kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.