Asali ya Bi Mwanahawa

Bi Mwanahawa alikuwa anampelekea asali binti yake aliyejifungua, lakini pale uwanja wa ndege Afande Mapunda, ambaye kwake kila kitamu kilikuwa silaha, akaipokonya.

"Hatari hii, mama! Chupa moja inalipua ndege nzima!"

"Mola wangu! Na hizo za wenzangu ulizorundika chini ya kiti chako?"

"Zote vilevile!"

"Ahsante kwa kunielimisha, mwanangu." Akaigeukia foleni, akapaza sauti: "Jamani, kimbieni! Afande kakalia mabomu!"

Abiria wakatoka mbio, viatu mkononi. Mkuu wa ulinzi akaja anahema. Mapunda, jasho likimtiririka, akaifungua ile chupa, akachovya kidole, akalamba.

"Asali, mkuu! Asali tupu, haki ya Mungu!"

"Basi nipe asali yangu," Bi Mwanahawa akanyoosha mkono.

Nyuma yake abiria walishapanga foleni upya, kila mmoja akidai bomu lake.