Kichaka Alichokitazama Fisi

"Nije nisije?"
"Njoo."
"Nije na chumvi au nije na sukari?"
"Njoo na uongo."
"Basi kaeni vizuri, nimekuja na mwingi."

Hapo zamani, Pimbi alikuwa mwongoza wageni mbugani. Alijua kila jiwe na kila njia. Wageni wake walikuwa wanyama waliotaka kumaliza safari yao bila kuliwa.

Siku moja alikuwa akimpeleka Mama Digidigi na mwanawe kwa bibi yake mtoto, ng'ambo ya mto. Mtoto alikuwa na kidonda mguuni, akichechemea, chepe, chepe. Pimbi naye akaanza kuchechemea, chepe, chepe, ili mtoto asione haya.

"Babu, na wewe umechomwa na mwiba?"

"Uzee tu, mjukuu wangu. Twende polepole, usiniache."

Wakaenda polepole, Fisi akawakuta. Tumbo lake linanguruma, nguru, nguru.

"Pimbi, nichagulie. Nianze na mtoto au nianze na mama?"

Mama Digidigi akamficha mwanawe chini ya tumbo. Pimbi akapiga mwayo.

"Bwana Fisi, mtu mzima kama wewe unakula vijiti hivi? Ona kile kichaka. Ndani kuna nyati, amenona mpaka anaona aibu kutoka. Ukipepesa macho tu, humwoni tena."

"Nyati ana aibu?"

"Kwa unene ule, hata wewe ungeona aibu. Kaa, tazama, nyamaza. Kazi yangu ni kuonyesha, ningekudanganya?"

Fisi akakaa, akatazama, akanyamaza.

Simba akapita. "Unatazama nini?"

"Shii."

Simba akakaa, akatazama, akanyamaza.

Chui akapita. "Mnatazama nini?"

"Shii."

Chui naye akakaa, akatazama, akanyamaza.

Likaja gari la watalii, vruu. Dereva akawanong'oneza wageni wake, "Kama simba mwenyewe anasubiri, humo mna jambo kubwa." Wakampa Simba mgongo, wakatazama kichaka. Yakaja magari mengine, vruu, vruu, yakasimama.

"Wageni wangu, twendeni," akasema Pimbi.

Wakapita katikati yao, chepe, chepe. Simba, bila kugeuza macho, akauvuta mkia wake pembeni ili mtoto asijikwae.

"Pita, mwanangu. Unaniziba."

Wakavuka mto. Bibi akamwosha mtoto mguu, akampa Pimbi majani machanga.

Huku nyuma upepo ukavuma.

"Nimeona sikio," akasema Fisi.

"Mimi nimeona pembe," akasema Simba.

"Una njaa, Fisi. Nenda ukawinde," akasema Chui.

"Niondoke ili mumle nyinyi? Sitoki."

Mpaka leo yuko palepale, mbavu zinahesabika.

Basi wanangu, fundisho ni hili: mvumilivu hula mbivu. Fisi bado anavumilia.

Hadithi imevuka mto, nami nimebaki huku.