Sahani ya Tatu

Sogeeni motoni, niwasimulie habari za Odila, mjane wa kijiji kimoja cha Ufaransa, na bintiye Marieta. Jioni ya Krismasi walikuwa na supu ya kabichi na mkate mmoja tu, lakini mezani waliweka sahani tatu, kama ilivyo desturi ya kwao.

Zimwi likabisha hodi, likaingia. Lilikuja kumla Marieta.

"Sahani ya tatu ni ya mumeo?" likauliza.

"Mume wangu alishakufa," Odila akajibu, akimficha mtoto nyuma yake.

"Ni ya padri?"

"Padri anakula kwake, na anakula vizuri."

"Basi ni ya nani?"

Marieta akachungulia. "Ni ya mgeni tusiyemjua. Shikamoo, babu. Keti, supu inapoa."

Tangu zimwi lizaliwe, hakuna aliyewahi kuliita mgeni. Likaketi, likala, likafuta sahani kwa mkate.

"Nimekula chumvi yenu," likasema polepole. "Siwezi tena kuwala ninyi." Likatoka, likapotelea kwenye theluji.

Kila Krismasi Marieta huiweka sahani ya tatu, na hata asipokuja mtu, huiosha pamoja na nyingine.

Nami hadithi nimeiweka mezani. Aliyefika, ale.